Nyota za Kihindi: elimu inayoanza kwa kuuliza saa

Kwenye nguzo za umeme za kisiwa hiki, kuanzia Marikiti hadi Kibokoni, hapakosi karatasi ya mtu anayejitangaza kusafisha nyota. Ukimpigia simu hukuuliza jina na shida yako, na kabla hujamaliza kueleza umeshatajiwa ada ya kuanzia. Miaka ya karibuni wameingia na wengine, kupitia mitandao ya simu, wanaodai kusoma nyota kwa njia ya Kihindi, ile iliyotokana na Veda. Wao husema njia yao ni ya hesabu, wala si ya kubahatisha.

Madai hayo ni kweli nusu. Jyotisha, kama Wahindi wenyewe wanavyoiita, ni elimu ya hesabu kweli, na humchukua mwanafunzi miaka. Ila hesabu hizo zina masharti, na masharti hayo ndiyo wengi wa wanaojitangaza hawayatimizi. Tena sisi tulioko Mombasa tuna mitego yetu, ambayo mtu aliyejifunza kwa vitabu vya Mumbai huenda asiijue kabisa.

Niseme mapema kwamba makala haya hayamwiti mtu kuamini. Kwa Waislamu, wanazuoni wametenganisha tangu zamani kati ya falaki ya kujua kibla, nyakati za swala na miandamo ya mwezi, ambayo ni elimu yenye heshima, na unajimu wa kubashiri ya ghaibu, ambao wameukataza. Lakini mji huu ni wa watu wengi. Jirani yako Mhindu au Mjaini huenda hapangi arusi ya mwanawe bila kufungua panchangi, na ndoa za watu huvunjika au husimama kwa kinachosomwa humo. Na tapeli naye hachagui dini ya mteja.

Tuanze na tofauti moja ambayo watu wa pwani huichanganya. Hapa kwetu anayetazamia kwa kitabu huchukua jina la mtu na jina la mamake, huyageuza kuwa nambari kwa hesabu ya abjadi, hujumlisha, hugawanya kwa 12, na kinachobaki ndiyo nyota. Ali ni ain 70, lam 30, ya 10: jumla 110. Mamake Mariamu ni mim 40, ra 200, ya 10, mim 40: jumla 290. Pamoja ni 400. Ondoa 12 mara 33, zabaki 4, na buruji ya nne ukianzia Hamali ni Saratani. Basi Ali huyo ni Kaa, awe alizaliwa Januari au Agosti, mchana au usiku. Kila Ali mwana wa Mariamu, kutoka Lamu hadi Vanga, ni Kaa mwenzake.

Kwa Wagujarati mambo ni kinyume. Mtoto akizaliwa huangaliwa mwezi uko wapi angani saa ile, na herufi ya kuanzia jina hutokana na hapo. Mwezi ukiwa katika Asadi, jina huanza kwa M au T. Ukiwa katika Mizani, R au T nyingine, kwani lugha yao ina T zaidi ya moja. Shangazi wa mtoto, dada wa baba, ambaye kwa desturi ndiye mwenye haki ya kumpa jina, hupewa herufi kisha huchagua. Sisi twatoa nyota kwenye jina, wao hutoa jina kwenye nyota. Kwa hiyo yeyote anayekwambia anasoma nyota ya Kihindi na amekuuliza jina tu, bila saa wala mahali pa kuzaliwa, anasoma kitu kingine.

Anga la jyotisha limegawanywa mara mbili. Kwanza ni rashi 12 za nyuzi 30 kila moja, ambazo ni zile zile buruji zetu: Mesha ni Hamali, Simha ni Asadi, Tula ni Mizani. Pili ni nakshatra 27, vituo vya mwezi, kila kimoja nyuzi 13 na dakika 20, kwa kuwa mwezi hutembea takriban nyuzi 13 kwa siku na kila usiku hulala katika kituo kipya. Waarabu nao wana vituo vyao 28, manazili. Ukiviweka sambamba utaona undugu. Manzili ya tatu ni Thuraya, nakshatra ya tatu ni Krittika, na zote mbili ni lile kundi dogo la nyota ambalo wakulima wetu huliita Kilimia. Ya nne kwa Waarabu ni Dabarani, kwa Wahindi ni Rohini, nayo ni nyota moja nyekundu inayokifuata Kilimia. Kwa bahari iliyopitiwa na majahazi ya Kachi, Maskati na Mombasa kwa karne nyingi, hilo halishangazi.

Kinachotofautiana ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Nyota za magazetini, za Kizungu, huanzia pale jua lilipo mnamo Machi 20 au 21, usiku na mchana unapolingana. Wahindi huanzia kwenye nyota zenyewe. Zamani vianzio hivyo viwili vilikuwa pamoja, lakini mhimili wa dunia huyumba polepole, kiasi cha uzi mmoja kila miaka 72, na sasa pengo limefika nyuzi 24. Pengo hilo huitwa ayanamsa. Kwa sababu ya nyuzi hizo 24 kati ya 30, watu wanne kati ya watano wanaojiita Simba kwa gazeti ni Kaa kwa Mhindi.

Wahindi wenyewe hawakuwa na kauli moja juu ya ukubwa wa pengo hilo. Serikali yao iliunda kamati ya kurekebisha kalenda mwaka 1952, ikiongozwa na mwanafizikia Meghnad Saha, na ripoti yake ya 1955 ndiyo iliyoipa nguvu hesabu inayojulikana kwa jina la Lahiri. Programu nyingi za leo hutumia hiyo, ingawa wapo wanaoshika nyingine. Mtu anayejiita mnajimu wa Kihindi akiulizwa anatumia ayanamsa ipi na asijue la kujibu, basi mazungumzo yameisha.

Sasa tufike kwenye saa. Dunia huzunguka mara moja kwa siku, kwa hiyo rashi zote 12 huchomoza mashariki ndani ya saa 24, kila moja ikichukua saa mbili hivi. Ile inayochomoza wakati mtoto anazaliwa ndiyo lagna, nayo ni nyumba ya kwanza. Nyingine 11 huifuata kwa zamu: mali, ndugu, mama na makao, watoto, maadui na maradhi, ndoa, umri, bahati, kazi, mapato, hasara. Uzi mmoja huchomoza kila dakika nne. Ukikosea saa mbili umehamisha kila kitu nyumba moja, na sayari iliyokuwa ya ndoa sasa inazungumzia maradhi.

Mtego wa kwanza hapa ni Kiswahili chenyewe. Mama akisema mwanawe alizaliwa saa mbili na robo asubuhi, sisi twamwelewa. Mwanawe huyo, aliyekulia kwenye simu, huandika 2:15 katika programu iliyotengenezwa India, na tayari amekosea saa sita. Lagna imeruka rashi tatu. Mwezi umerudi nyuma zaidi ya nyuzi tatu, ambayo ni robo nzima ya nakshatra. Programu haitalalamika, itamchorea kundali nzuri yenye rangi, ya mtu mwingine.

Mtego wa pili ni siku. Siku yetu huanza magharibi, kwa hiyo tukisema usiku wa Ijumaa twamaanisha usiku unaoitangulia Ijumaa. Kwa kalenda ya ofisini siku huanza saa sita ya usiku. Kwa panchangi huanza jua linapochomoza. Chukua mtoto aliyezaliwa saa nane za usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa bibi yake Ijumaa iliingia tangu magharibi. Kwa hospitali imeingia saa mbili zilizopita. Kwa maharaji wa hekalu bado ni Alhamisi, maana jua la Ijumaa halijatoka. Nduguye aliyezaliwa saa tatu za usiku wa Ijumaa nyingine ni wa Ijumaa kwa bibi peke yake. Hospitali na maharaji wote wawili wataandika Alhamisi. Hakuna aliyekosea kati yao. Atakayekosea ni yule anayepokea maneno ya bibi na kuyaandika kama saa tatu usiku wa tarehe ya Ijumaa, kwani hapo ameteleza saa 24 nzima na mwezi umehamia kituo kingine.

Mtego wa tatu ni makaratasi. Cheti cha kuzaliwa cha Kenya kina tarehe na mahali, lakini saa hakina. Familia za Kihindu zinazojali jambo hili huandika saa zenyewe pale pale wodini. Wengine hubaki na kumbukumbu za aina ya "adhana ya alfajiri ilikuwa ndiyo kwanza yaisha". Nisingeidharau kumbukumbu hiyo. Jua la Mombasa huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na alfajiri huenda nalo, kwa hiyo adhana humweka mtoto ndani ya dakika chache za saa yake ukijua tarehe. Ni bora kuliko mkunga aliyeandika "saa kumi" kwa kukadiria baada ya zamu kuisha.

Wazee wana mtego wao. Kenya ilianza kutumia saa tatu kamili mbele ya Greenwich, bila kurudi nyuma tena, mwanzoni mwa Agosti 1942. Tangu mwanzo wa 1937 hadi hapo zilikuwa saa mbili na dakika 45. Kabla yake zilikuwa mbili na nusu, isipokuwa kipindi kifupi kati ya katikati ya 1928 na mwanzo wa 1930. Mzee aliyezaliwa Mji wa Kale mwaka 1940 akisomewa kwa saa za leo amekosewa dakika 15, karibu nyuzi nne za lagna. Na bibi aliyezaliwa Kachi wakati wa vita kisha akaletwa Mombasa kuolewa ana lake pia, kwani India ilisogeza saa zake mbele kwa saa nzima kuanzia 1942 hadi 1945.

Anayetaka kujifunza kupiga hesabu kwa mkono, na nadhani kila mwanafunzi angefaa kufanya hivyo angalau kwa kundali kumi za mwanzo, ana kazi zaidi. Mombasa iko longitudo 39 na dakika 40 mashariki, ilhali saa zetu ni za longitudo 45. Kwa hiyo saa ya jua hapa iko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 21. Halafu tuko kusini mwa Ikweta, latitudo nyuzi nne. Majedwali ya lagna yanayochapishwa India ni ya kaskazini. Mtu wa kusini huongeza saa 12 kwenye saa ya nyota, huisoma rashi, kisha huchukua ile iliyo upande wa pili wa duara. Mwalimu asiyekufundisha hatua hiyo hajawahi kufanya kazi na mtu aliyezaliwa Mombasa.

Hata panchangi, kile kitabu cha mwaka ambacho familia nyingi hununua au huletewa na ndugu kutoka Gujarat, hakisomeki hapa kama kilivyo. Jina lake lamaanisha viungo vitano: tithi, siku ya wiki, nakshatra, yoga na karana. Tithi ni siku ya mwezi inayopimwa kwa umbali kati ya mwezi na jua, nyuzi 12 kila moja, na siku hupewa jina la tithi iliyopo jua linapochomoza. Lakini jua la wapi? Tuseme ekadashi, tithi ya kumi na moja ambayo Wahindu wengi hufunga, inaisha saa moja na nusu asubuhi kwa saa za India. Rajkot jua limeshatoka, basi siku hiyo ni ya ekadashi. Wakati huo huo Mombasa ni saa kumi na moja alfajiri. Jua letu likija kutoka baada ya saa kumi na mbili, litaikuta tithi ya kumi na mbili. Maharaji makini huihesabu upya kwa jua la hapa, na ndiyo maana waumini wa hekalu la Swaminarayan kule Haile Selassie au Majaini wa Langoni hungoja tangazo la kwao badala ya kufuata simu ya shemeji aliyeko Ahmedabad. Jambo moja latusaidia sisi wa Ikweta: ule muda wa Rahu, sehemu moja kati ya nane za mchana ambayo wafanyabiashara wengi huikwepa kuanzisha jambo, hapa hauvuki dakika 90 kwa mengi, kiangazi na masika.

Hayo yote bado ni mlangoni. Ndani kuna sayari tisa, ambazo mbili kati yake, Rahu na Ketu, hazionekani kwa macho kwa kuwa ni pale tu njia ya mwezi inapokata njia ya jua. Ndipo kupatwa kwa jua na mwezi hutokea. Kila sayari ina rashi inazozimiliki, inapotukuka na inapodhalilika. Kila sayari hutazama nyumba ya saba kutoka ilipo, lakini Mirihi huongeza ya nne na ya nane, Mshtarii ya tano na ya tisa, Zohali ya tatu na ya kumi. Kuna kundali ya pili, navamsa, inayopatikana kwa kuigawa kila rashi mafungu tisa, na ambayo haiachwi kando panapohusika ndoa. Istilahi zote ni za Kisanskriti. Vitabu vya msingi, kama Brihat Jataka cha Varahamihira wa karne ya sita, vina tafsiri za Kiingereza, na B. V. Raman wa Bangalore, aliyefariki 1998, aliandika vingi kwa Kiingereza ambavyo vimefunza watu wengi nje ya India. Bharatiya Vidya Bhavan ya Delhi ina kozi zake. Anayekaa Mombasa anaweza kuyapata haya, ila kitabu hakimsahihishi mtu.

Kinachomsahihisha ni hesabu ya nyakati, dasha. Maisha hupewa duara la miaka 120 linalogawanywa kwa sayari tisa: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Unaanzia wapi hutegemea mwezi ulikuwa kwenye nakshatra ipi, na umeikata kiasi gani. Mtoto ambaye mwezi wake uko katikati ya Bharani, ambayo ni ya Zuhura, huanza na miaka 10 ya Zuhura iliyobaki, kisha 6 ya Jua, na kuendelea. Rudi sasa kwa yule kijana wa saa mbili na robo. Kosa lake la saa sita limekula robo ya nakshatra. Kama ni ya Zuhura, kila tarehe atakayotajiwa maishani, ya kazi, ya ndoa, ya safari, imekosewa kwa miaka mitano.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi mzuri hujifunza kwanza kwa watu ambao maisha yao yameshajulikana. Huchukua kundali za jamaa zake wazee na za marehemu, huficha tarehe za matukio, huandika anachokiona, kisha hulinganisha. Huweka daftari. Akishazipitia mia hivi huanza kuona ni sheria zipi anazozielewa na zipi alizozikariri tu. Programu za bure kama Jagannatha Hora zimefuta kazi ya kupiga hesabu, lakini daftari halijafutwa na chochote. Ni wachache sana walio nalo.

Tatizo kubwa zaidi la elimu hii liko kwenye kuhukumu, na hapa ndipo watu huumia. Chukua suala la mangliki. Mirihi ikiwa nyumba ya kwanza, ya nne, ya saba, ya nane au ya kumi na mbili, husemwa ni nuksi katika ndoa. Wengine huongeza nyumba ya pili. Nyumba tano kati ya 12 ni zaidi ya thuluthi moja ya watu wote. Wapo wanaohesabu tena kutoka kwa mwezi, na tena kutoka kwa Zuhura. Ukifanya hivyo mara zote tatu, karibu watu wanane kati ya kumi watakuwa na nuksi hiyo. Waandishi wa zamani waliliona jambo hilo na wakaweka orodha ndefu ya hali zinazoiondoa. Anayemwambia binti wa watu kuwa yeye ni mangliki na hamtajii lolote kati ya hayo, amesoma ukurasa mmoja na kuuruka wa pili. Na binti huyo ndiye atakayebaki nyumbani posa zikipita.

Vivyo hivyo zile alama 36 za kulinganisha bwana na bibi arusi. Inasemwa 18 zatosha, na wazazi huzisubiri kama matokeo ya mtihani. Alama zote 36 hutokana na nakshatra na rashi ya mwezi wa kila mmoja, basi. Lagna haimo, nyumba ya saba haimo, navamsa haimo. Wanajimu makini wenyewe husema ni chujio la kwanza tu. Familia inayokataa posa kwa alama 17 imekataa kwa kipimo ambacho fundi hakitegemei peke yake.

Sadesati ni bidhaa pendwa ya matapeli. Zohali huzunguka anga kwa miaka 29 na nusu, na inapopita rashi iliyotangulia mwezi wako, ya mwezi wako na inayofuata, kwa jumla ya miaka saba na nusu, husemwa ni kipindi cha mitihani. Miaka saba na nusu katika 29 na nusu ni robo. Maana yake, wakati wowote ule, mmoja kati ya kila abiria wanne wa feri ya Likoni yuko ndani ya sadesati. Mtu anayekupigia simu na kusema "Zohali imekukalia" ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa sahihi hata bila kujua siku uliyozaliwa. Kisha hukuuzia yakuti ya samawati.

Je, inafanya kazi? Swali hilo limewahi kupimwa huko huko India. Mwaka 2008 mwanafalaki Jayant Narlikar wa Pune na wenzake walikusanya kundali 200: 100 za wanafunzi hodari shuleni na 100 za watoto wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 walirudisha majibu, kila mmoja akiwa amepewa 40 azitenganishe. Kwa wastani walipata asilimia 46. Kurusha sarafu kungewapa 50. Wanajimu wana majibu yao kwa jaribio hilo, na Mahakama ya Juu ya India mwaka 2004 haikuona sababu ya kuvizuia vyuo vikuu kuifundisha jyotisha. Mimi nasema anayetaka kuifanya kazi hii kwa uaminifu hana budi kuijua ile 46, na kuitaja anapoulizwa. Ni vigumu kumtoza mtu elfu tano kwa uhakika usiokuwapo.

Kwa hiyo ukienda kusomewa, au mwanao akikwambia ataka kujifunza, tazama mambo machache. Je, msomaji aliuliza saa, na akauliza umeijuaje? Je, alitaka matukio mawili matatu yaliyopita ili kuipima saa hiyo kabla ya kusema ya mbele? Je, alikubali kuna asiloliona? Fundi hatabiri kifo. Hamwambii mke atafiwa. Hana duka la mawe, au kama analo hakupeleki huko siku ile ile. Maharaji wengi wa mahekalu hupokea sadaka wanayopewa na hawana bei ya ukutani, na ingawa hilo peke yake halithibitishi elimu, laondoa kishawishi cha kumtisha mteja.

Walio na watoto wachanga, wawe wanaamini au la, hawapotezi kitu kwa kuandika saa ya kuzaliwa siku hiyo hiyo nyuma ya kadi ya kliniki, kwa tarakimu za saa 24, na jina la hospitali kando yake.

Na ambaye saa yake haijulikani kabisa? Jyotisha ina mlango wa pembeni kwa ajili yake, prashna, ambapo kundali huchorwa kwa dakika ile swali linapoulizwa na mahali linapoulizwa. Msomaji mwaminifu atakwambia wazi kwamba anatumia njia hiyo na kwa nini, badala ya kukubunia saa. Dakika hiyo haina ubishi, iko kwenye simu yake. Mwombe tu ahakikishe programu imewekwa Mombasa, kwa sababu nyingi huja zikiwa zimewekwa Delhi.